Jina langu limo kwenye mkopo, mimi simo kikaoni

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 34, naishi Mbagala. Nilipata polio nikiwa mdogo, natembea kwa magongo mawili. Kazi yangu ni kushona. Natumia cherehani cha mkono kwa sababu miguu yangu haina nguvu ya kukanyaga. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa, na gauni ambalo fundi mwenzangu analimaliza kabla ya adhuhuri mimi linanila siku nzima. Nakueleza haya ili ujue kwa nini niliingia kwenye kikundi.

Mwaka juzi jirani yangu alinijia na wazo la kuunda kikundi cha akina mama tukaombe mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi. Akaniambia, "Wewe ukiwemo hatuwezi kukosa." Tuko wanane. Wenye ulemavu ni wawili, mimi na dada mmoja kiziwi ambaye sote tunamwita Bubu. Jirani ndiye mwenyekiti, mimi nikapewa ukatibu. Nilifurahi sana Mama Mkubwa, maana tangu nizaliwe sijawahi kuwa kiongozi wa kitu chochote. Siku ya kupiga picha ya kuambatanisha na maombi, mimi na Bubu tuliwekwa mbele, nikaambiwa niyasogeze magongo yaonekane vizuri.

Mkopo ulitoka mwaka jana. Naambiwa ni milioni sita, lakini karatasi yenye hesabu hiyo sijawahi kuiona. Vikao vinafanyika kwenye baraza la mwenzetu mmoja. Njia ya kwake ni mchanga mtupu, gongo linazama hadi kwenye kiwiko cha mti, na ukifika kuna ngazi tano zisizo na pa kushika. Mara mbili nilifika kikao kimekwisha. Wakaniambia, "Usijisumbue, tutakuletea usaini." Kweli wananiletea. Karatasi nyingine zimeandikwa, nyingine hazina kitu. Nasaini hapohapo juu ya meza ya cherehani, wanaondoka.

Tulikubaliana tununue viti na maturubai ya kukodisha kwenye shughuli, na mimi nifungiwe mota kwenye cherehani ili nishone haraka. Viti vilinunuliwa, naviona kila Jumamosi vikipita na guta. Mota sijaiona hadi leo. Kila mwezi napewa elfu ishirini, wanasema "ya sabuni". Wenzangu wanapata ngapi, sijui. Wiki mbili zilizopita afisa alipita mtaani akiuliza kwa nini marejesho yamesimama miezi minne. Akasoma majina ya viongozi, langu likawa la pili. Nilitetemeka hadi usiku.

Najua utaniambia niseme. Shida ni kwamba huyo jirani ndiye aliyenitafutia bajaji saa nane usiku niliposhikwa na uchungu, akanishika kiuno mpaka hospitali. Ndiye anayenichotea maji, ndoo mbili kila asubuhi. Mwanangu akitoka shule anakula kwake. Mimi nitamlipa nini? Labda zile sare za wanawe ninazomshonea kila Januari bila kuchukua hela. Nikimuuliza habari za pesa ataona sina shukrani, na mtaa mzima utasema hivyo, kwa sababu wananijua kama mtu wa kusaidiwa. Mume aliondoka mtoto akiwa na miezi sita.

Juzi Bubu alikuja kwangu. Akanifanyia ishara ya hela kwa vidole, akafungua mikono kuuliza. Nikamwonyesha kwamba na mimi sijui. Akakaa kidogo akitazama cherehani, halafu akaenda zake.

Je, nikae kimya kulipa fadhila, au niseme nibaki peke yangu?

Katibu asiyejua, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Kabla hatujafika kwa jirani, kuna jambo la leo hii. Usisaini tena karatasi tupu. Hata moja, hata akija nayo mtu unayempenda, hata wakisema benki inafungwa. Karatasi yenye saini yako chini na nafasi nyeupe juu inaweza kesho kuwa fomu ya kutoa pesa, au muhtasari wa kikao ambacho hukukaa, au maelezo kwamba mota ulishapokea. Wakija, waambie, "Iacheni hapa niisome, mje kesho." Sema hivyo tu, bila maelezo. Na zile ulizokwisha kusaini, kaa chini usiku huu uandike kwenye daftari lako unazozikumbuka: mwezi gani, nani alileta, ilikuwa na maandishi au haina. Usisubiri ukumbuke vizuri, andika unachokumbuka.

Sasa nikueleze huo mkopo ni kitu gani, maana naona umeupokea kama vile umepewa na jirani. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Mapato ya ndani ni ushuru, ada na leseni, pamoja na ile ya mama anayeuza samaki hapo Mbagala Rangi Tatu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejea 2024. Kwa hiyo "wewe ukiwemo hatuwezi kukosa" ilikuwa kauli yenye hesabu ndani yake. Walijua kuna fungu ambalo mlango wake ni wewe. Swali lako la kwanza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata liwe hili: kikundi chetu kilipewa pesa kutoka fungu gani, la wanawake au la wenye ulemavu? Kanuni anazo mezani, na jibu lake litakuonyesha mengi kuhusu ile picha ya magongo.

Mwanangu, picha hiyo imeniuma. Mwanamke mwenye ulemavu ana milango miwili kwenye fedha hizo, na mara nyingi anakwama kwenye yote miwili. Kwenye vikundi vya akina mama anaambiwa yeye ni mgonjwa, apumzike, ataletewa. Akienda kwenye mikutano ya wenye ulemavu anakuta wanaume ndio wanaozungumza. Hili si jambo la mtaani kwenu tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, umeweka kifungu kizima, cha 6, kwa ajili ya wanawake wenye ulemavu, kwa sababu wanabaguliwa kwa mambo zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata tukapata sheria yetu wenyewe, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu namba 9 ya 2010. Nakutajia ili siku utakaposimama mbele ya mtu na kuuliza, usijione umekwenda kuomba.

Tuje kwa jirani.

Huyu mama alikushika kiuno saa nane usiku. Hilo litabaki kuwa kweli hata kama hesabu za viti zitakutwa na matundu. Sitaki umchukie, na sitakuambia ni mwizi, maana hatujaona daftari. Inawezekana kabisa anaamini anakutendea wema kwa kukuletea karatasi nyumbani. Wapo watu wengi wenye moyo mzuri ambao wamezoea kutusaidia sana kiasi kwamba kutuuliza hakuwajii kichwani tena. Lakini umechanganya vitabu viwili. Kuna kitabu cha fadhila, na humo wewe si mdaiwa mtupu kama unavyojiandika. Sare za watoto kila Januari, kwa cherehani cha mkono, siku nzima kwa vazi moja, hizo umezitaja kama kitu kidogo, kwa sentensi moja tu. Mimi niliposoma nilisimama hapo. Mama huyo amekuwa akichota maji, nawe umekuwa ukiwavisha wanawe. Huo ni ujirani, na umelipwa pande zote. Kitabu cha pili ni cha mkopo. Humo kuna saini yako, na saini haifutwi na ndoo za maji.

Ndiyo maana nenda kwake mwenyewe kwanza, kabla ya afisa, kabla ya kikao. Nenda asubuhi, mtoto akiwa shule, usiende jioni kukiwa na watu barazani. Anza na lile la usiku wa bajaji, umwambie waziwazi kwamba hujasahau. Halafu sema kitu kama hiki: "Mama Fulani, afisa amesoma jina langu na mimi sikuwa na jibu. Mimi ni katibu na sijui tumekopa ngapi, tumerejesha ngapi. Naomba tukae na daftari, mimi na wewe, kabla ya Jumapili." Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa kuomba radhi. Akikuonyesha daftari, nakili. Akikasirika, mwambie utaendelea kumheshimu na Jumapili iko palepale.

Lakini kabla ya kwenda, panga maji. Hili nalisema kwa uzito uleule wa lile la saini, maana ni hapo watu wengi hushindwa kusema. Mtu hawezi kumuuliza hesabu mwenzake huku ndoo ya kesho iko mkononi mwake. Tafuta kijana wa mkokoteni akuletee madumu mawili matatu kwa wiki, umlipe. Nenda shuleni umuulize mwalimu kama kuna mzazi mwingine anayepita njia yenu. Usifanye kwa kumkomoa jirani. Mwambie unataka kumpunguzia. Wiki mbili za kujitegemea kwa maji zitakupa sauti ambayo mimi siwezi kukuandikia hapa. Na ikiwa baada ya mazungumzo yenu bado atakuletea ndoo, basi utajua alikuwa analeta kwa mapenzi.

Sasa kuna mtu mwingine kwenye barua yako, na nitakaa naye kidogo.

Umesema mnamwita Bubu. Katika barua nzima hukuniandikia jina lake, nami najiuliza kama unalijua. Lipo kwenye fomu ya mkopo, karibu na lako. Yeye ni kiziwi, na ni fulani binti fulani.

Mdogo wangu wa mwisho ni kiziwi. Alisoma Shule ya Viziwi Buguruni, akirudi nyumbani na lugha nzuri ya mikono ambayo sisi ndugu zake hatukujishughulisha kuijua. Kwenye shughuli za kifamilia alikuwa anakaa pembeni yangu. Watu wakicheka, ananivuta kanga: wanasema nini? Nami namwonyesha kwa kiganja, subiri, nitakwambia baadaye. Nilikuwa na nia ya kumwambia. Ila baadaye kulikuwa na vyombo vya kuosha, na wageni wa kusindikiza, na habari yenyewe imeshapoa. Nimekuwa mtu mzima kabisa ndipo siku moja akaniandikia kwenye simu: "Dada, maisha yangu yote ni baadaye." Nilijifunza alama nikiwa na miaka zaidi ya arobaini, polepole, vidole vimekakamaa, na hadi leo ananisahihisha.

Kwa hiyo ninaposema neno hili sikuhukumu, nakwambia kwa kuwa nalijua. Ulivyokaa nyumbani ukisubiri waje wakwambie kilichosemwa kikaoni, ndivyo yeye alivyokaa ndani ya kikao chenyewe. Wewe ulizuiwa na ngazi tano. Yeye alipanda ngazi zote, akakaa kwenye mkeka pamoja na wenzake, na bado hakufika. Na siku aliyotaka kuuliza hakwenda kwa mwenyekiti. Alikuja kwako.

Unauliza kama utabaki peke yako. Mbona mwenzako alishabisha hodi?

Basi nenda kwake, au mwite. Chukua daftari na kalamu. Kama anajua kusoma, andika jina lako umwonyeshe, umpe kalamu aandike lake. Kama hajui, mtafuteni ndugu yake anayeelewana naye. Ni vema pia mtafute mtu wa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, mwulize jinsi ya kupata mkalimani wa lugha ya alama siku ya kikao. Mwambie mwenzako yote unayoyajua, hata hilo la kwamba umekuwa ukisaini bila kusoma. Huenda na yeye amesaini. Hata mkijuana alama kumi tu za mkononi, hela, karatasi, saini, kesho, hapana, mtakuwa mmepata mahali pa kuanzia.

Mkishakuwa wawili, shikeni ukatibu wako. Walikupa cheo kwa ajili ya fomu, lakini cheo ni cheo. Katibu ndiye anayeandika muhtasari, anayetunza kumbukumbu, na anayetoa taarifa ya kikao. Ombeni kwa maandishi, mbaki na nakala: katiba ya kikundi, mkataba wa mkopo, daftari la mapato ya viti, na taarifa ya akaunti. Kama wewe ni mmoja wa wanaosaini kwenye akaunti, nenda benki mwenyewe na kitambulisho chako cha NIDA uombe taarifa hiyo. Usitume mtu. Najua safari ya Mbagala kwa magongo na makonda wanaopiga bati gari liondoke kabla hujapandisha mguu wa pili. Lipa bajaji siku hiyo. Ukitumia hata hizo elfu ishirini za sabuni, zitakuwa zimefanya kazi kubwa kuliko sabuni.

Halafu itishe kikao mahali unapofika. Ofisi ya serikali ya mtaa kama iko usawa wa chini, au uwanjani kwako kwenye kivuli. Usiombe samahani kwa kubadilisha mahali. Kikao cha watu wanane ambacho mmoja hawezi kukipanda na mwingine hawezi kukisikia ni kikao cha watu sita, hata kama daftari la mahudhurio linasema wanane. Ajenda iwe fupi: tumekopa ngapi, viti vimeingiza ngapi, nani amelipwa ngapi, na marejesho ya miezi minne tunayaanzaje. La mota liwe la mwisho, lakini liwemo. Msimruhusu mtu aliahirishe.

Kwa afisa usijifiche. Mtu anayekwenda mwenyewe kusema "tumechelewa, tunataka kupanga upya" hupokelewa tofauti na anayetafutwa. Yule aliyepita mtaani alisoma majina yaliyo kwenye karatasi yake tu. Ukienda na daftari lako la kumbukumbu atajua angalau mtu mmoja kwenye kikundi anataka pesa ya umma irudi.

Wakikunyima hesabu, usigombane barazani. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na uulize kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa wenu ni akina nani. Sheria ya 2010 imetaka kamati hizo ziwepo hadi ngazi hiyo. Ukiambiwa haipo, hilo nalo lisemwe kwenye mkutano wa mtaa. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo ni CHAWATA, na shirikisho la vyama vyote ni SHIVYAWATA. Huko utakutana na wanawake waliopita ulipo. Ummy Nderiananga alikuwa mwenyekiti wa shirikisho hilo kabla ya kuteuliwa Naibu Waziri mwaka 2020, kwa hiyo mtu akikwambia kazi ya wenzetu ni kukaa mbele kwenye picha, mpe jina hilo. Kwa upande wa sheria, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wapo wanasheria wanawake wa TAWLA na WLAC, ambao huwasaidia wanawake wasio na uwezo. Wapelekee mkataba wa mkopo wausome nawe, hasa sehemu inayosema nani anadaiwa kikundi kikishindwa kulipa.

Mtaa utasema. Siwezi kukudanganya kwamba hautasema. Utasema wiki mbili tatu, hasa wale wanaokujua kama mtu wa kusaidiwa, kwa sababu watakuwa wamemwona mtu wasiyemzoea. Mwanao atasikia baadhi ya maneno hayo, kwa hiyo mweleze wewe mwenyewe mapema, kwa lugha ya miaka yake, kwamba mama anauliza hesabu ya kazi yake na kwamba mama wa jirani bado ni mama wa jirani.

Ukishaipata ile taarifa ya benki, niandikie kabla hujaweka saini popote. Na kwenye barua hiyo unitajie jina la mwenzako.

Mama Mkubwa